Lyamkena Iwe Mlango, Isiwe Dalali

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya wadau wa utalii wa milimani, Lyamkena, Makambako



Nimepewa kazi ya kuzungumzia matembezi ya milimani na wajibu wetu kwa wenyeji wa milima hiyo. Wengi hapa ni wafanyabiashara, kwa hiyo nitangulize msimamo wangu. Mgeni anayetembea kwa miguu anapaswa kukinufaisha kwanza kijiji anacholala, na masharti ya jambo hilo yaandikwe sasa, wakati wageni bado ni wachache. Sisi wa Lyamkena tuko barabarani. Kazi yetu ni kufungua mlango.

Ninalisema hili kwa sababu tunajifahamu. Makambako imekuzwa na njia. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia inapita hapa, ya Njombe na Songea inachepuka hapa, na reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 ina stesheni hapa. Anayetoka Dar es Salaam kwenda hifadhi ya Kitulo atashika njia ya Njombe apande Makete, au atanyoosha hadi Chimala apande Matamba kwa barabara ambayo madereva huiita Hamsini na Saba kwa hesabu ya kona zake. Vyovyote vile amepita kwetu, na aliyekaa njia panda hushawishika kumshika kila apitaye. Tumeyaona kwenye viazi: mkulima wa Makete analima, mnunuzi wa mjini anakula, na katikati anasimama mtu mwenye simu na gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo. Mkulima hajui bei ya Dar es Salaam, mnunuzi hajui bei ya shambani, anayejua zote mbili ni dalali peke yake. Utalii wa milimani ukiachwa uende wenyewe utafuata mkondo huohuo, na safari hii kitakachofungwa lumbesa ni mgongo wa kijana anayebeba begi.

Sasa twende milimani.

Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa rasmi mwaka 2005. Ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 413, na uwanda wake uko kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, katikati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone. Kilele cha Mtorwi kinafikia mita 2,961. Kuna aina zipatazo 350 za mimea, zikiwamo aina 45 za okidi zinazoota ardhini, na hii ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya maua. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Maua huchanua kati ya Novemba na Aprili, yaani masika yenyewe, matope yakiwa yamejaa barabarani. Anayeuza safari ya Kitulo kwa picha za maua kisha akampeleka mgeni Julai, kwenye nyasi kavu na baridi ya kuganda, amemdanganya.

Watu walikuwa wakiutumia uwanda huo kabla haujawa hifadhi. Walichunga huko, na walichimba chikanda, viazi vya okidi vinavyosafirishwa kwenda Zambia, ambako huchemshwa pamoja na karanga na kuwa kitoweo kinachopendwa sana. Biashara ilikua hadi mamilioni ya viazi hivyo yakawa yanavuka mpaka kila mwaka, na okidi zikaanza kutoweka. Kuzuia uchimbaji kulikuwa na sababu, sina ugomvi na hilo. Lakini kila ua analopiga picha mgeni liko pale kwa sababu mtu fulani wa kijiji cha jirani aliambiwa aache kuchimba. Hilo ni deni. TANAPA ina mpango wake wa Ujirani Mwema, unaosaidia miradi ya vijiji vinavyopakana na hifadhi, nao ni jambo jema. Hata hivyo kiingilio cha getini ni fedha ya umma, na mama aliyekuwa akiuza chikanda haioni ikifika kwake.

Elimu ya milima hii nayo ilikuwa kwa wenyeji kwanza. Watafiti waliomtambulisha duniani kima aitwaye kipunji, waliyemwona msitu wa Rungwe na Livingstone mwaka 2003 na kumtangaza mwaka 2005, walianza kwa kusikiliza wawindaji wa Kinyakyusa ambao tayari walikuwa na jina lake. Wasafiri wa Ulaya nao hawakupita huku peke yao. Balozi mdogo wa Uingereza, Frederic Elton, aliukatiza uwanda huu mwaka 1877 na ramani zikauita kwa jina lake kwa miaka mingi. Mizigo ya msafara ilikuwa vichwani mwa wapagazi, na kati ya majina yao silijui hata moja lililowekwa kwenye ramani.

Fedha za matembezi zinapoweza kumfikia mwanakijiji moja kwa moja ni nje ya geti. Iko njia inayotoka Kitulo, inavuka milima ya Livingstone na kuteremka hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Unatoka kwenye baridi ya mita 2,600 unaishia kwenye joto la ziwa lisilofika mita 500 juu ya usawa wa bahari. Magoti yanaumia, lakini ni safari ambayo mtu huisimulia maisha yake yote. Katikati kuna mashamba, vilabu vya pombe na nyumba za watu. Chini kabisa, Ikombe, wanawake wa Kikisi wanafinyanga vyungu vinavyouzwa kwenye soko la Jumamosi la Lyulilo. Upande wetu, katika Pori la Akiba Mpanga-Kipengere, kuna maporomoko ya Kimani na vyanzo vya maji vinavyolisha Ruaha Mkuu. Anayetembea huku anahitaji mtu wa kumwongoza, pa kulala, chakula cha moto na wa kumbebea. Vyote hivyo vipo kijijini, havihitaji kuagizwa Arusha.

Kuna nchi iliyotutangulia katika hili. Kule Moroko, katika milima ya Atlas, wanaishi Waamazigh, ambao wengi wetu tumewazoea kwa jina la Waberberi. Kijiji cha Imlil kiko chini ya Toubkal, mlima mrefu kuliko yote Afrika Kaskazini, mita 4,167. Wageni hufika hapo kutoka Marrakech, wakabebewa mizigo na baghala, wakalala kwenye nyumba za wanakijiji. Nyumba moja ya wageni ya hapo, Kasbah du Toubkal, ilijiwekea utaratibu wa kuongeza asilimia 5 kwenye bili ya mgeni na kuipeleka kwenye chama cha kijiji. Fedha hizo zimesaidia gari la wagonjwa na bafu la jumuiya. Tangu mwaka 2007 watu wa mduara huohuo wamefungua mabweni ya wasichana wa milimani ambao vijiji vyao havina sekondari. Waongozaji nao wana chuo chao Tabant, ndani ya milima yenyewe. Vyuo vyetu vikubwa vya fani hii viko Dar es Salaam, Arusha na Moshi, kwa hiyo kijana wa Matamba akitaka cheti lazima kwanza ahame kwao.

Sisemi Atlas ni peponi. Desemba 2018 wasichana wawili wa Skandinavia waliuawa wakiwa wamepiga hema karibu na Imlil, na baada ya hapo kupanda Toubkal bila mwongozaji kukapigwa marufuku. Usiku wa 8 Septemba 2023 tetemeko la ardhi la kipimo cha 6.8 liliua watu karibu 3,000, wengi wao katika vijiji hivyohivyo vya milimani. Mgeni hukimbia siku moja, na kurudi kwake huchukua muda. Watu wa Imlil hawakung'oa mijozi na mitufaha yao ili waishi kwa watalii tu, na ninawaomba ndugu zangu wa Makete msing'oe yenu.

Nyumbani tuna Kilimanjaro. Zaidi ya watu 30,000 huupanda kila mwaka, na nyuma ya kila mgeni kuna wapagazi watatu au zaidi. Wao wenyewe hujiita wagumu, na kwa kweli ni wagumu. Biashara ilikua kwanza, haki za wabebaji zikafuata nyuma kwa mbali: kikomo cha kilo 20, ujira wa chini wa siku, milo, hema la kulala. Mwaka 2003 ilibidi lianzishwe shirika mjini Moshi, KPAP, la kuwaazima wapagazi nguo za baridi na kufuatilia kama kampuni zinawalipa. Hadi leo zipo kampuni zinazomwahidi mgumu kitu getini na kumpa kingine akishuka. Bei ikishazoeleka ikiwa ya chini, kuipandisha ni vita. Kitulo haijafika huko, na hiyo ndiyo bahati yetu.

Msisubiri mradi mkubwa uje kutupangia. REGROW, mradi wa dola milioni 150 wa utalii wa kusini ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017, ulilenga Ruaha, Mikumi, Udzungwa na Nyerere. Kitulo haikuwamo. Mwaka 2024 benki ilisimamisha fedha baada ya malalamiko ya wanavijiji wa kandokando ya Ruaha, na mradi ukafutwa. Fedha nyingi zilizokuja bila maelewano na wenye ardhi hazikudumu.

Sasa niseme ninachopendekeza tukubaliane, kikubwa kwanza.

Bei na mzigo viandikwe na vijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo zikipata idhini ya halmashauri ya wilaya, kwa hiyo hatuhitaji Bunge. Ziseme mbebaji habebi zaidi ya kilo 20 na mzigo upimwe kwa mizani mbele yake. Ujira wa siku, mlo na blanketi vitajwe kwa shilingi na kwa idadi, kisha karatasi hiyo ibandikwe ukutani kwenye gesti zetu hapa Lyamkena, ili mgeni aijue bei kabla hajaonana na mtu yeyote mwenye simu. Kila safari itozwe ada ya kijiji kwa risiti, na mapato yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji pamoja na mapato mengine. Chama cha waongozaji kisichosoma mapato hadharani kitakufa kwa minong'ono, na kitakuwa kimestahili.

Mwongozaji awe wa kijiji ambamo njia inapita. Hapa vijana wa Makambako mtanichukia, lakini kijana wa mjini hajui mto upi haupitiki Machi wala kaburi la nani liko kando ya njia. Ninyi mna kazi nyingine: usafiri, malazi, chakula, kupokea mgeni aliyeshuka kwenye basi saa nane usiku bila kumuuzia teksi kwa bei ya ndege. VETA ipo Makete. Tuiombe itoe kozi fupi ya uongozaji, huduma ya kwanza na Kiingereza cha kazini.

Kuni zisikatwe msitu wa Livingstone. Kipunji anaishi humo, kwa hiyo mpishi abebe gesi. Taka zirudi na aliyezileta. Picha ya mtu ipigwe kwa ruhusa yake, na watoto wasizoezwe pipi na sarafu, kwani wataacha shule kukaa barabarani. Mgeni akikaribishwa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, anywe taratibu na alipie kama wengine.

Mwisho, maombi mawili. Wenye gesti na madereva, naomba leo msaini kwamba hamtachukua kamisheni kwenye ujira wa mbebaji wala wa mwongozaji. Na wenyeviti wa vijiji mliopo hapa, pelekeni rasimu ya bei kwenye mikutano yenu kabla ya mvua za Novemba, kwa sababu maua yakichanua wageni watakuja, na watalipa bei yoyote watakayoikuta.