Ufunguo wa Ghala na Sahani ya Mtoto: Hotuba juu ya Nyumba ya Mkristo



Wapendwa washarika, usharika unapotimiza miaka mia moja, jambo la kwanza kuhesabiwa huwa ni majengo na miaka. Hesabu hiyo ni halali. Wamisionari wa Leipzig walifungua kituo cha Ruruma, katika nchi ya Iramba, mwaka 1911. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kazi yao ilipokelewa na Kanisa la Augustana la Marekani kuanzia mwaka 1926. Hospitali za Kiomboi na Iambi zilijengwa, na Chuo cha Ualimu cha Kinampanda kikatoa walimu wa vijiji vingi. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri nchini yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania.

Lakini liko jengo ambalo halikuwekewa jiwe la msingi na askofu yeyote, nalo ndilo lililobeba mengine yote. Ni nyumba ya Mkristo: tembe la udongo la zamani, na nyumba ya bati ya leo. Humo ndimo mtoto alijifunza kusali kabla hajajua kusoma, na humo ndimo ilipojulikana kama sala ile ilikuwa ya kweli.

Martin Luther alilifahamu jambo hilo. Alipozikagua sharika za Saksoni mwaka 1528, aliwakuta waumini, na hata wachungaji wengi, wasiojua misingi ya imani. Mwaka uliofuata alitoa Katekisimo Ndogo, na sehemu zake kuu alizielekeza kwa mwenye nyumba, ili awafundishe watu wa nyumbani mwake kwa njia nyepesi. Tena alipoeleza ombi la mkate wa kila siku katika Sala ya Bwana, hakuishia kwenye chakula. Alitaja pia nyumba, shamba, mifugo, ndoa njema, watoto, hali ya hewa na majirani. Kwa mafundisho hayo, ghala na jiko si mambo yaliyo nje ya imani.

Jambo la kwanza, basi, ni ghala.

Singida ni nchi ya mvua chache. Mvua huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili, na kwa kaya nyingi mavuno ni mara moja tu kwa mwaka. Kinachoingia ghalani baada ya mavuno ndicho kitakacholiwa hadi mvua nyingine. Wazee waliijua hesabu hiyo. Walijaza vihenge na vilindo kwa uwele na mtama, nafaka zinazovumilia ukame. Wakakausha mboga za majani na viazi vitamu, wakijua kwamba miezi ya palizi ndiyo miezi ya njaa. Majirani Wagogo bado wanaikumbuka Mtunya, njaa kubwa ya miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya Kwanza, iliyozidishwa na majeshi kuchukua nafaka na ng'ombe. Jambo hilo linafundisha kwamba njaa haitoki mbinguni peke yake. Hutoka pia katika mikono ya wanadamu.

Siku hizi hakuna jeshi linalobisha hodi. Anayebisha ni mchuuzi mwenye lori na mizani, naye huja bei ikiwa chini kabisa. Baba hupima magunia, hupokea fedha na kuzitia mfukoni, na mama hujua ghala limepungua anapokwenda kuchota. Ifikapo Februari nyumba ileile hununua nafaka kwa bei iliyopanda maradufu, au baba huuza mbuzi, au watoto hulala na uji mwepesi. Ukame haukuwa umefika. Kilichokosekana ni shauri la watu wawili. Yusufu aliokoa Misri kwa kupima, kuandika na kuweka akiba kabla ya miaka mibaya. Mume na mke wanaokaa pamoja baada ya mavuno, wakahesabu debe kwa debe chakula cha mwaka, mbegu na cha kuuza, wanafanya kazi ileile mbele za Mungu.

Ghala hutaka pia usafi. Karanga na mahindi yakihifadhiwa na unyevu huota ukungu wenye sumukuvu, na mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa jirani ya Dodoma na Manyara. Kuanika mazao juu ya turubai badala ya udongo mtupu, na kutupa punje zilizooza badala ya kuwapikia watoto, ni sehemu ya ulinzi wa nyumba.

Jambo la pili ni jiko.

Kuku wa Singida wanasifiwa hadi Dar es Salaam, na mafuta ya alizeti ya Singida yako katika maduka mengi nchini. Matenga ya kuku hupanda mabasi, na trei za mayai hupelekwa mjini. Nani atamlaumu mzazi anayeuza apate sare na madaftari? Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 kati ya kila 100 wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano wana udumavu. Wengi wao hawakukosa ugali. Walikosa kitoweo kilichokuwa uani. Yai moja likibaki kwa mtoto, na karanga zikisagwa ndani ya uji wa uwele, na mlenda na kunde vikiandaliwa bila kuonewa haya kana kwamba ni chakula cha maskini, nyumba haifilisiki.

Mama anyonyeshe maziwa yake tu miezi sita ya kwanza, kisha aongeze chakula laini huku akiendelea kunyonyesha hadi miaka miwili. Hilo linahitaji mama aliyekula. Desturi ya kumpa baba mapaja na watoto mchuzi ilitokana na heshima. Lakini heshima ya baba haipungui anapoanza kugawa kwa mdogo.

Jambo la tatu ni malezi.

Mtoto hujifunza zaidi kwa jicho kuliko kwa sikio. Akiona baba anateka maji mama akiwa mgonjwa, amefundishwa ndoa. Akiona dada yake anabeba kuni na kinu wakati yeye anacheza mpira, amefundishwa jambo jingine, na darasa la kipaimara halitalifuta kwa urahisi. Mlo wa jioni, kwa sala fupi na kila mtoto kuulizwa habari za siku yake, ni shule isiyo na ada. Fimbo huweza kunyamazisha. Haiwezi kumfanya mtoto aseme kweli.

Mwisho, ghala huulizwa pia siku ya msiba. Katharina von Bora, aliyeolewa na Luther mwaka 1525, aliiendesha nyumba kubwa ya Wittenberg: bustani, mifugo, samaki, pombe ya nyumbani, wanafunzi wapangaji na watoto sita. Luther alijua kazi ile ni ya nani. Mwaka 1542 aliandika wosia akimfanya mkewe mrithi wake na mlezi wa watoto, ingawa sheria ya Saksoni ya wakati ule haikuwapa wajane nafasi hiyo. Alipofariki mwaka 1546 wosia ule ulibishaniwa, lakini neno lake lilikuwa limeandikwa.

Katika vijiji vingi mjane bado huamka siku ya tatu baada ya mazishi akikuta ng'ombe wanahesabiwa na wengine. Mume Mkristo aliyekula kwa mikono ya mkewe miaka thelathini asimwache bila karatasi moja yenye saini na mashahidi.

Miaka mia ya pili itahesabiwa tena kwa majengo. Mungu ajalie ihesabiwe pia kwa nyumba ambamo wawili wanajua kilichomo ghalani, mtoto anakula kilicho uani, na mjane anabaki na ufunguo wake. Amina.