Kiranga na magitaa ya umeme

Hapa Kasulu mvua imenyesha hadi mtu akitoka nyumbani na viatu miguuni hurudi amebeba nusu ya barabara.

Wiki hii nilikuwa nimepanga kuzungumzia bei ya maharage. Lakini mtoto wa dada yangu, kijana aliyemaliza kidato cha nne, amenivuruga. Alinijia jioni, akanivisha hedifoni na kusema, "Mjomba, hebu sikiliza hii." Nikasikiliza. Mwanzoni nilidhani ni mashine ya kusaga iliyokatika mkanda, na ndani yake kuna mtu anapiga yowe. Nilipotaka kuzivua, katikati ya kelele ile ikatokea filimbi. Filimbi tamu ya mwanzi, kama ya mchunga ng'ombe katika vilima vya Heru Juu.

Kumbe ni vijana wa milima ya Andes, huko Peru na Bolivia. Wanapiga muziki wa roki nzito uitwao bleki metali na wengine huimba kwa Kiquechua, lugha ya mababu zao, wakiitaja miungu iliyokuwa ikiabudiwa huko kabla Wahispania hawajafika mwaka 1532.

Muziki wenyewe una historia chafu, na sitaificha. Ulishika moto Norway mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ninaposema moto namaanisha moto. Mwezi Juni 1992 kanisa la kale la mbao la Fantoft, karibu na mji wa Bergen, liliteketezwa, na mengine yakafuata. Baadhi ya vijana wale walidai wanalipiza kisasi cha miungu yao iliyofukuzwa miaka elfu moja iliyopita. Huo ni uhalifu, na asitokee mtu wa kuupamba mbele yangu.

Lakini wale wa Andes wana jambo jingine. Wahenga wao walimjua Supay, mwenye nchi ya chini ya ardhi. Mapadri wa Kihispania walipotafuta neno la kumwita shetani, wakalichukua jina hilo. Tangu hapo mwenyeji akawa ibilisi. Hata hivyo, katika migodi ya Potosí wachimbaji wameendelea kumwekea sanamu, wakampa majani ya koka, sigara na pombe ili awatoe salama. Na unajua wanamwitaje? El Tío, yaani mjomba! Nilipomweleza mpwa wangu hilo alicheka hadi akakaa chini.

Kisha akaniuliza swali lililonifanya niache maharage. "Na sisi, mjomba, wetu alikuwa nani?"

Wetu alikuwa Kiranga. Wazee wa Buha na Burundi wanamfahamu, na Rwanda yuko mwenzake, Ryangombe, mwindaji aliyeuawa na nyati. Masimulizi yanasema mama yake alimkataza kwenda kuwinda siku ile, naye akaenda. Aliangukia penye mti wenye maua mekundu, na mti huo ukawa mtakatifu. Watu wake wakifa hukaa naye juu ya mlima Karisimbi, na wabaya huenda kwenye moto wa Nyiragongo. Mwindaji mkaidi, nyati, volkano mbili! Kama kuna vijana wa gitaa wanaotafuta hadithi, waende wapi tena?

Waliobandwa, yaani walioingizwa katika mambo hayo, walikuwa Wahutu, Watutsi na Watwa. Katika nchi zilizokuja kuchinjana kwa sababu ya majina hayo, hilo si dogo. Wamisionari walipokuja waliona shetani tupu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na manyanga ya kibuyu. Siku aliyobatizwa aliyatoa mwenyewe yachomwe, na hakuna aliyewahi kumsikia akiyataja tena. Mimi ni Mkristo na sijutii ubatizo wake. Nasikitikia manyanga.

Ngoma za wafalme zilipata bahati kidogo. Kwa Kirundi neno ingoma ni ngoma na pia ni utawala, maana mfalme bila ngoma hakuwa mfalme. Mwaka 1967 Wafaransa walizirekodi ngoma za Burundi kwenye santuri, na mdundo ule ukasafiri. Mwaka 1975 Joni Mitchell aliutia katika wimbo wake, na kufikia 1980 kundi la Adam and the Ants la London lilikuwa likitamba kwa mdundo wa aina hiyo. Wenye magitaa wakawa nyota. Wapigaji wa vilimani wakabaki "ngoma za Afrika".

Ngoma hizo zilivuka mpaka pia kwa miguu. Baada ya mauaji ya Rais Ndadaye, Oktoba 1993, na tena mwaka 2015, wakimbizi waliofika Kibondo na Kasulu walizipiga kambini. UNESCO ilizitia katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Miaka mitatu baadaye amri ya rais huko Burundi ikawakataza wanawake kuzipiga. Urithi ukishapewa cheti, wakubwa huukumbuka!

Nairobi hawakungoja. Kundi la Duma lilitoa albamu yake mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, yowe na mitambo mwanzo mwisho. Jina hilo, wanasema, kwa Kikikuyu ni giza. Sikuimaliza albamu ile, masikio yangu yana umri. Lakini haikuwa ya kuazima.

Sasa mpwa wangu na wenzake wawili wana gitaa moja, spika ya harusini, na wanataka kumwimba Kiranga. Dada yangu amekataa kabisa. Ana sababu ambayo vijana hawaioni. Katika vijiji vyetu bibi kizee mwenye macho mekundu huweza kuitwa mchawi bila ushahidi wowote. Watoto wakipiga kelele za mizimu usiku, asubuhi atakayetazamwa vibaya si wao. Ni jirani yao mzee.

Nimewaambia waanze kwa kuuliza. Yuko mzee mmoja upande wa Makere anayekumbuka nyimbo zile, na kila masika kifua chake kinazidi kubana. Wamwombe ruhusa, wamsikilize, awaambie lipi ni la kuimbwa hadharani na lipi si lao. Akikataa, basi.

Jumamosi tunakwenda, na kinasa sauti nitabeba mimi. Dada yangu ametufungia mihogo ya njiani na kusema tukirudi gitaa lisiingie uani kwake.