Mlango wa Kazi kwa Aliyetoka Kifungoni

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mwenye kupokea toba ya waja wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, tunakuusieni, nasi tukijiusia nafsi zetu, kumcha Mwenyezi Mungu katika ibada na katika maamala. Jambo la leo ni la maamala: mtu aliyemaliza kifungo chake, kisha akabisha hodi kuomba kazi.

Hakimu alimhukumu, naye akaitumikia hukumu mpaka siku ya mwisho. Afikapo kwa mwajiri hutakiwa hati ya polisi ya tabia njema, na kosa la zamani likionekana, barua yake huwekwa kando. Hapo huanza kifungo cha pili, kisicho na hakimu wala tarehe ya kutoka.

Hatusemi haya kwa kuwalaumu wengine. Katika kamati ya madrasa moja tuliyoitumikia, alikuja seremala kuomba kutengeneza madawati. Bei yake ilikuwa nafuu na kazi yake safi. Mmoja wetu akanong'ona kwamba alipata kufungwa kwa wizi. Tukamwambia arudi wiki ijayo, hali tukijua kuwa hatutampa kazi. Hakurudi. Useremala ule alijifunza gerezani. Nanyi mnajua samani za gereza la Ukonga, Dar es Salaam, zinavyosifiwa. Watu huzinunua wala hawaoni haya. Basi meza tunaipokea sebuleni, na mkono ulioipiga randa tunaufukuza mlangoni!

Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii walilipima jambo hili. Fasiki akitubu, hawakusema ushahidi wake ukataliwe milele, wala ukubaliwe papo hapo. Wengi wao waliweka mwaka 1 wa kuutazama mwenendo wake, ili misimu yote impitie. Na ushahidi ni amana nzito kuliko kuchonga dawati. Sisi twamkataa mtu kwa kosa la miaka 15 iliyopita.

Mkumbukeni Fudhayl bin Iyadh. Alikuwa mnyang'anyi wa njiani huko Khurasani, misafara ikimwogopa. Akatubu, akatafuta elimu, akakaa Makka mpaka alipofariki mwaka 187 Hijria, na Imamu Shafii ni miongoni mwa waliopokea hadithi kwake. Lau angeulizwa hati!

Hatumwambii mwajiri afumbe macho. Aliyekula fedha za watu si lazima aanzie kwenye sanduku la fedha. Na aliyedhuru watoto asikabidhiwe watoto, hilo halina mjadala. Lakini aliyepigana ujanani, ugomvi ule una uhusiano gani na mashine ya kusaga unga? Kosa lipimwe kwa kazi inayoombwa.

Nawe unayeomba, usiseme uongo. Hulazimiki kumhadithia kila mtu dhambi aliyoisitiri Mungu. Bali akikuuliza mwenye haki ya kuuliza, jibu kweli kwa maneno machache, kisha umwoneshe kazi ya mikono yako. Chukua na barua ya mtu anayekujua. Nasi maimamu tusikwepe kuziandika barua hizo, maana tumezoea kukwepa.

Ewe Mola wetu, tusamehe kwa yule tuliyemwambia arudi wiki ijayo, na umfungulie mlango wa riziki popote alipo. Amin.