Neno la Mlezi wa Kwaya: Kuhusu Sare Zetu

Wapendwa, wengine mmeuliza kwa nini kwaya inasherehekea jubilii na sare kuukuu. Nitawaambia.

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyozuiliwa na handaki lililoziba chini ya reli yalifumuka yakashukia Mai Mahiu. Yalisomba nyumba watu wakiwa wamelala. Zaidi ya 40 walifariki. Majirani waliingia kwenye matope na majembe, wengine mikono mitupu, wakiita majina.

Blanketi na unga vilikuja, na waliotoa Mungu awabariki. Lakini magari ya misaada huja na kuondoka. Anayebaki ni jirani: anayekulaza sebuleni kwake na watoto wanne, anayekusindikiza kwa chifu kuhusu kitambulisho kilichosombwa, asiyekuuliza utahama lini.

Basi wanakwaya wakakubaliana pesa za sare ziende kwa wenyeji wa namna hiyo, waliokuwa wakilisha familia mbili kwa kibarua kimoja. Wa sauti ya pili walinung'unika kidogo (nawajua!), kisha wakatoa kuliko wote.

Mwalimu, tupe sauti.