Kumwachisha Mtoto Biberoni katika Ulezi wa Nyumbani Kisangani

Biberoni ni chupa yenye chuchu ya mpira ambayo mtoto hunyweshwa maziwa, maji au uji mwepesi. Kumwachisha ni kumhamisha kidogokidogo kutoka kwenye chuchu hiyo hadi kwenye kikombe. Jambo hili lisichanganywe na kumwachisha ziwa la mama, kwani Shirika la Afya Duniani linapendekeza maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, kisha kunyonya pamoja na chakula hadi miaka 2 au zaidi. Ulezi wa nyumbani ni ule wa mwanamke anayepokea kwake watoto wa majirani na jamaa, kwa ujira au kwa kusaidiana, wazazi wakiwa sokoni, shambani au kazini. Fasili hizi hazina ubishi.

Umri nao unajulikana. Kikombe huanza kufundishwa kwenye miezi 6, mtoto anapoanza kula. Madaktari wa watoto wanashauri biberoni ianze kuondolewa akifikisha miezi 12 na iwe imekwisha ifikapo miezi 18. Baada ya hapo chuchu huwa kitulizo zaidi kuliko chombo cha kunywea, na kuiondoa huwa kugumu.

Madhara ya kuchelewa yatajwe kwa ufupi. Mtoto akilala na chupa ya maziwa yenye sukari mdomoni, mate hupungua, sukari hubaki juu ya meno, na meno ya mbele ya juu huanza kuoza kabla ya mengine. Akinywa akiwa chali, maziwa huweza kupanda kwenye mfereji unaounganisha koo na sikio, ambao kwa mtoto ni mfupi na umelala, na sikio likaanza kuuma. Maziwa mengi pia hujaza tumbo na kuondoa hamu ya chakula. Maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma machache mno, kwa hiyo damu hupungua, tena katika Kisangani, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ambako malaria huwapunguzia watoto damu mwaka mzima.

Kisangani ina hatari nyingine inayotangulia hizo zote, nayo ni maji. Mabomba ya Regideso, shirika la maji la taifa, hayafiki kila nyumba, na familia nyingi huchota kisimani, kwenye chemchemi au mtoni. Mwaka 2011 kipindupindu kilizuka Kisangani na kuteremka na Mto Kongo hadi Kinshasa. Maji kama hayo ndiyo yanayooshea biberoni, na chuchu yake huficha mabaki ya maziwa mahali ambapo kidole hakifiki. Hata maziwa ya unga ya watoto wachanga hutoka kiwandani yakiweza kuwa na vijidudu, ndiyo maana yanatakiwa kukorogwa kwa maji yenye joto lisilopungua nyuzi 70, yakapozwa, na kunywewa ndani ya saa 2. Chupa iliyojazwa alfajiri na kunywewa adhuhuri, kwa joto la mji huu, ni sumu ya polepole.

Jibu linalotolewa kwenye semina za afya, moja baada ya nyingine, ni lilelile: chemsheni biberoni. Ushauri huo ni sahihi, na hakuna anayeupinga. Lakini mlezi mwenye watoto watano anatakiwa kuchemsha chupa na chuchu za wote mara kadhaa kwa siku, kwa makaa anayonunua kwa fungu dogo, kwa maji aliyobeba kichwani. Kikombe kilicho wazi huoshwa kwa sabuni na maji safi, na jicho huona kama kimetakata. Kumwondoa mtoto kwenye biberoni ni rahisi kuliko kuifanya biberoni iwe salama, na ingefaa semina zianzie hapo.

Tatizo ambalo limeshinda juhudi zote ni biberoni ya usingizi wa mchana. Biberoni za asubuhi na za alasiri huondoka bila vita vikubwa, lakini hii hubaki. Kwa kawaida lawama huelekezwa kwa mtoto, kwamba ni mkaidi, au kwa mlezi, kwamba ni mvivu. Yote mawili si haki. Saa sita mchana mlezi yuko peke yake: sufuria iko motoni, mmoja anaharisha, mwingine anatambaa kuelekea jiko, wawili wanalia usingizi. Biberoni ndiyo mkono wake wa tatu. Mtoto akishapewa, hulala mwenyewe mkekani. Maadamu mikono ya mlezi haijaongezeka na ratiba yake haijapangwa upya, kumwambia awe imara ni kumwongezea mzigo tu.

Mlezi tena hana mamlaka kamili. Mama anayelipa huleta chupa imejaa na maagizo yake. Mama wa Lubunga, sehemu ya mji iliyo ukingo wa kushoto wa Mto Kongo, anayechuuza ng'ambo ya pili hawezi kurudi adhuhuri kunyonyesha, kwa kuwa mto hauna daraja na mtumbwi una zamu na nauli yake. Akirudi jioni amechoka na mtoto analia, hutoa biberoni. Ikiondolewa kwa mlezi siku za kazi na kurudishwa nyumbani Jumapili, mtoto hujifunza kwamba anayelia kwa muda mrefu hupewa.

Vituo vya afya, kwa heshima yote inayostahili kazi yao, vinawakosa watoto hawa. Akina mama wengi huacha kuwaleta kupimwa uzito baada ya chanjo ya surua ya miezi 9, yaani kabla tu ya umri wa kuachishwa biberoni. Na walezi wanaoshinda na watoto hawaalikwi kabisa kwenye mafunzo ya vituo hivyo.

Utaratibu unaowezekana ni huu. Iondolewe biberoni moja kwa wakati, kwa siku kadhaa hadi wiki: ya asubuhi kwanza, kisha ya alasiri, kisha ya mchana, na ya usiku mwisho. Kabla ya kulala mtoto ale chakula kizito, kama lituma (ndizi zilizopondwa) laini yenye mchuzi wa samaki, au uji wa mahindi na soya usioweza kupita kwenye chuchu. Chuchu iliyopanuliwa tundu kwa wembe ili uji upite ni dalili kwamba kijiko kimechelewa. Maziwa yatolewe kikombeni, mtoto ameketi, yasizidi takribani nusu lita kwa siku. Maziwa yasiongezwe maji ili kumchosha mtoto nayo, kwani humnyima lishe bila kumwondolea hatari. Watoto walazwe kwa zamu, wadogo kwanza, na anayesumbuka abebwe mgongoni kwa kikwembe hadi asinzie. Kazi hii isianzwe mtoto akiwa anaharisha, ametoka kuugua malaria, ndiyo kwanza ameletwa kwa mlezi, au amepata mdogo.

Inapendekezwa basi kwamba mlezi na mzazi wapatane siku moja ya kuanza na waifuate wote, Jumapili ikiwemo. Kwamba mama aliye na maziwa aendelee kunyonyesha asubuhi na usiku. Kwamba walezi wa mtaa mmoja wasaidiane saa ya usingizi, hata kwa saa moja tu. Kwamba vituo vya afya viwaalike walezi kama vinavyowaalika akina mama, na viendelee kuwafuatilia watoto baada ya miezi 9. Kwamba kanda za afya na PRONANUT, mpango wa taifa wa lishe, ziweke kikombe mbele ya uchemshaji katika mafunzo yao. Kwamba wakaguzi wa masoko wakumbuke kuwa Kanuni ya Kimataifa ya mwaka 1981 kuhusu uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama inahusu pia utangazaji wa chupa na chuchu, si maziwa ya unga pekee. Inarudiwa kwamba mlezi asiachiwe kazi hii peke yake. Biberoni ya mwisho ikishaondolewa, isihifadhiwe kabatini kwa ajili ya siku mbaya, kwa kuwa homa ya kwanza itairudisha.