Nakala ya Akiba Isilale Nyumba Moja na Seva

Bwana Mwenyekiti, Wajumbe wa Kamati, na ninyi nyote wakulima wenzetu wa Mpwapwa,

Twashukuru kupewa nafasi ya kusema machache katika siku hii ya furaha, Chama chetu Kikuu kitimizapo miaka kumi. Sisi wa chumba cha hesabu hatukuja kujisifu, bali kuwaonyeni hatari moja na kuomba ridhaa yenu.

Hesabu za kila mwanachama, yaani kilo za alizeti na karanga alizopima, hisa zake, na deni lake la pembejeo, zimo katika seva moja ndogo chini ya paa moja. Mwaka jana diski yake ilikufa. Nakala tuliyokuwa nayo ilikuwa ya majuma matatu nyuma. Kosa hilo ni letu. Ikatubidi kuandika upya vipimo vyote kwa kufuata stakabadhi mlizozitunza majumbani. Mama mmoja mjane alikuwa amepoteza yake. Kama si daftari la mkono la karani wa mizani, jasho lake la mwaka mzima lingalipotea.

Ugogo yaijua njaa. Ile ya Mtunya, ya 1917 hadi 1920, haijasahaulika. Mkulima mwenye busara hatii mbegu zote katika kihenge kimoja. Kanuni ya wataalamu ni hiyo hiyo: ziwepo nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja ikae mbali.

Mbali ni wapi? Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalibomoa reli kati ya Kilosa na Gulwe. Janga moja huenea nchi pana. Tena, tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo la seva la OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja ambao nakala zao zilikuwa hapo hapo walizikosa pia. Kwa hiyo jirani si mbali.

Basi twapendekeza hivi. Kwanza, kila jioni seva inakiliwe katika diski ya hapa ofisini. Pili, ziwepo diski mbili za kupokezana, moja ikilala Dodoma mjini daima. Tatu, kila usiku mabadiliko ya siku hiyo yapelekwe kwa intaneti katika seva ya kukodi. Lakini tusiutegemee mtandao peke yake: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na mtandao ukazorota nchini.

Nne, nakala za zamani zisifutwe upesi, kwani kosa au virusi huweza kunakiliwa pamoja na hesabu njema. Tano, kila nakala ifungwe kwa ufunguo wa siri, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 yatudai kulinda habari za wanachama. Na ufunguo huo uandikwe, utiwe katika bahasha mbili, zikae mahali pawili. Sita, kila miezi mitatu turudishe nakala katika kompyuta nyingine na kusoma hesabu za wanachama watatu mbele ya Kamati. Nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu.

Twaomba Kamati iidhinishe gharama hizi leo. Akiba haiozi.