Nafsi Katika Nafasi ya Mtendwa: Kiambishi -ji- na Lugha ya Kujitunza



1. Utangulizi

Mwanamke anayemuuguza mama yake, ambaye huu ni mwaka wa pili hajainuka kitandani, husifiwa kwa maneno mengi. Ana moyo, ana imani, ni mvumilivu, ameshapata radhi za mzazi. Lakini siku atakapomwambia mdogo wake, "Leo kaa wewe na mama, mimi nataka kulala," sifa hizo huweza kugeuka mara moja. Huambiwa kwamba anajipendelea, anajiona, amejifanya bibi mkubwa.

Mwanaisimu akiyasikiliza maneno hayo hataacha kuona jambo moja. Sifa zote zilizotajwa hazina kiambishi -ji-, na lawama zote zinacho. Je, Kiswahili kinamkataza mtu kujitazama kwa jicho la huruma? Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Lugha hii ina hazina kubwa ya maneno ya kujitunza, ila wanaoifasiri elimu hiyo kutoka lugha za kigeni mara nyingi huchota upande usiofaa wa kisima.

2. Asili ya dhana

Elimu yenyewe ina historia fupi katika vyuo vikuu na ndefu nje yake. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mafunzo ya kuwasaidia wagonjwa kustahimili maumivu na msongo wa mawazo kwa kuituliza akili na kuiweka katika jambo lililopo, hasa pumzi. Chimbuko la mafunzo hayo ni mazoezi ya Wabudha, ambao katika lugha ya Kipali huyaita sati, neno lenye ukoo na kukumbuka. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Kristin Neff alichapisha makala zilizofafanua huruma ya mtu kwa nafsi yake kwa nguzo tatu: kujifanyia upole badala ya kujihukumu kwa ukali, kutambua kwamba kukosea na kuumia ni fungu la wanadamu wote, na kuyatazama maumivu kwa utulivu, bila kuyakuza wala kuyaficha.

Haja ya elimu hii si ya kubuni. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu wa kupindukia utokanao na kazi kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi, na ufanisi kupungua. Maelezo hayo yanahusu kazi za ajira. Hata hivyo, aliyewahi kukesha na mgonjwa nyumbani hatashindwa kuzitambua dalili hizo.

3. Tabia ya kiambishi -ji-

Kisarufi, -ji- hukaa mahali pale pale anapokaa mtendwa. Katika anamtunza, nafasi iliyo mbele ya mzizi imeshikwa na -m-, yaani mgonjwa, mtoto au mzee. Katika anajitunza, nafasi hiyo hiyo imeshikwa na -ji-. Sarufi haikuitengea nafsi kiti cha pekee, cha juu wala cha chini. Imeikalisha palepale wanapokaa wote wenye kutunzwa.

Tena, -ji- haibadiliki. Ninajitunza, unajitunza, wanajitunza: nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu, umoja na wingi, zote zina -ji- moja. Nguzo ya pili ya Neff, ile ya ushirika wa wanadamu wote, haihitaji mfano bora zaidi kwa mwanafunzi wa Kiswahili.

Ni kweli kwamba kitenzi cha Kiswahili hakipokei viambishi viwili vya mtendwa kwa pamoja. Hakuna asemaye *anajimtunza. Mtu aweza kudhani kwamba lugha inalazimisha uchaguzi, ama nafsi ama mwenzio. Lakini Kiswahili kina kiambishi kingine, -an- cha kutendana, na hicho hukaa nyuma ya mzizi: kutunzana, kusaidiana, kupokezana. Hivi viwili havigombei kiti kimoja.

4. -ji- ya lawama na -ji- ya heshima

Vitenzi vya lawama ni vingi: kujiona, kujidai, kujikweza, kujitapa, kujipendekeza. Vingine vimechukua maana maalumu ambazo mfasiri asiyeangalia huteleza juu yake. Atakayemshauri msomaji ajifunze "kujisaidia" atakuwa amemwelekeza chooni, na atakayemtaka mwanamume mwenye majonzi "kujifungua" atawachekesha wasikilizaji, kwa kuwa kujifungua ni kuzaa.

Upande wa pili wa kisima una maji matamu: kujiheshimu, kujistahi, kujistiri, kujizuia, kujituliza, kujiliwaza, kujiuguza. Hakuna mzee wa Kiswahili atakayemlaumu mtu kwa kujistahi. Na historia yaonyesha kwamba -ji- yaweza hata kupandishwa hadhi mbele ya taifa zima. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitangaza siasa ya Ujamaa na Kujitegemea, na mwaka huo huo Mwalimu Julius Nyerere akatoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Ifahamike kwamba kujitegemea kuliwekwa ubavuni mwa ujamaa, wala hakuna aliyekuona kuwa ni uchoyo.

5. Kuzungumza na moyo

Kuna wanaosema kwamba mtu kusema na nafsi yake ni desturi ya kigeni. Fasihi ya pwani yakanusha. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir anausemesha moyo wake mwenyewe, akiuonyesha magofu ya Pate na kuuonya usidanganywe na ulimwengu. Sauti yake ni ya karipio, lakini ni karipio la mtu autakiaye moyo wake wokovu. Mlango wa kusema na moyo, basi, uko wazi tangu zamani. Linalobaki ni kuuliza kama sauti ya karipio ndiyo pekee inayoruhusiwa kuingia.

Hapa ndipo Kiswahili kina neno ambalo lugha nyingi zingeliazima zingeweza. Neno hilo ni pole. Mswahili hutoa pole kwa kazi, kwa safari, kwa ugonjwa na kwa msiba. Hutoa pole bila kukiri kosa, na bila kuuliza kosa ni la nani. Aliyejikwaa kwa kutotazama njia hupewa pole sawa na aliyesukumwa. Mawaidha, kama yapo, huja baadaye. Upole, ambao ni nomino ya mzizi huo huo, ndiyo nguzo ya kwanza iliyotajwa.

Kwa sababu hiyo, mfasiri anayeandika "kujionea huruma" hukosea njia, kwani usemi huo humwonyesha mtu aliyekaa chini akilia hali yake. Afadhali kujipa pole. Usemi huo huenda ukawa mgeni kidogo sikioni, lakini humwambia mtu ajipe kile ambacho mchana kutwa huwapa jirani zake bila kukihesabu.

Kuhusu utulivu wa akili, lugha imetangulia tena. Pumua, pumzi, pumzika na mapumziko ni watoto wa mzizi mmoja. Mwalimu anayemtaka mwanafunzi wake akae kimya na kufuata pumzi zake, na kila mawazo yanapopotea ayarejeshe bila kujigombeza, anamrudisha kwenye asili ya neno pumzika.

6. Mpaka na mlango

Dhana iliyo ngumu kupokelewa ni ya mipaka. Katika masikio ya wengi, mpaka ni wa nchi au wa shamba. Huwekewa mawe, na husababisha kesi. Anayemwambia shangazi yake kwamba "amemwekea mipaka" amekwisha kumfanya jirani wa kugombana naye.

Hata hivyo, Waswahili wana desturi ya hodi. Mgeni hubisha hodi, akangoja kukaribishwa. Akibisha mara tatu bila kuitikiwa, adabu humtaka aende zake bila kinyongo. Hodi humlinda aliyemo ndani bila kumtukana aliye nje. Tofauti ni kwamba mpaka una jiwe, na nyumba ina mlango, nao mlango hufungwa leo ukafunguliwa kesho. Methali nayo yakubali kwamba ukarimu una kiasi: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni hafukuzwi, bali hushirikishwa kazi. Na msemaji mwenye adabu anazo njia za kukataa bila kuvunja udugu: niwie radhi, leo sijaweza, tuangalie kesho.

Zipo methali zinazovuta upande mwingine, na haifai kuzificha. Ng'ombe haelemewi na nunduye, husemwa, na mwenye kuuguza akaona haya kutamka kwamba amechoka. Lakini methali nyingine hujibu: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeutazama mzigo wa mwenziwe huuona mwepesi kama usufi, kwa kuwa si yeye aliyeubeba. Hekima ya wahenga ina baraza pana, na haifai kumwita mzee mmoja tu kutoa ushahidi.

7. Hitimisho

Turejee kwa yule mwanamke. Kijitabu cha afya chaweza kumwambia: "Jijali, ujipende, ujiwekee mipaka na familia yako." Maneno yote ni ya Kiswahili, na yote yatamchoma, kwa kuwa ndiyo aliyokwisha kulaumiwa nayo. Chaweza pia kumwambia: "Pole kwa kuuguza. Mwenye kuuguza naye huchoka, na kuchoka si kukosa imani. Kaa kidogo, uvute pumzi. Kisha mwite mwenzio mpokezane zamu, ili mama atunzwe na mtu mwenye nguvu." Hapo kujitunza kumekaa na kutunzana, kila kimoja mahali pake.

Lugha peke yake haitamletea mtu wa kupokea zamu pale ambapo hakuna, wala haitachukua nafasi ya daktari kwa aliyezidiwa. Kazi yake ni ndogo kuliko hiyo, nayo ni kumwezesha mtu aliyechoka kutamka kwamba amechoka, kwa maneno ambayo hayamgeuki na kuwa shtaka. Kazi hiyo ni ya wafasiri, ya walimu, na ya wanafunzi watakaotunga vijitabu vya kesho. Sarufi imekwisha kuwaonyesha kwamba mtunzaji naye ni miongoni mwa wenye kutunzwa.